Nani Kakwambia Samaki Wako Wapi?

Kuna kosa moja kwenye mashindano ya kuvua samaki huko Marekani ambalo hapa kwetu lisingemfikisha mtu hata kwa balozi wa nyumba kumi. Kosa lenyewe ni kuambiwa. Hujaiba samaki wa mtu, hujakata wavu wa mtu, hujarusha baruti ziwani. Umekaa zako mgahawani, mzee mwenyeji wa pale kakusogelea na kikombe chake cha kahawa, kakwambia kwamba wiki hii samaki wamehamia kwenye magogo yaliyozama, upande wa pili wa daraja. Kama wewe ni mshindani wa ngazi ya juu na muda wa kufunga masikio kabla ya shindano umeshaanza, hapo una kesi. Ukienda kuvua kwenye yale magogo na ikajulikana, jasho lako lote la siku nne linaweza kufutwa.

Huwa nawaangalia hawa jamaa usiku kwenye simu, bando la usiku likiwa rahisi na baridi ya Uyole ikiwa imeshawafukuza watu wote barabarani. Mke wangu alishaniuliza, kwa upole wa mtu anayemhurumia mgonjwa, kwa nini namaliza bando kutazama watu wazima wanaovua samaki, wanampima, halafu wanamrudisha majini. Swali la haki kabisa. Mimi nimezaliwa Kyela, kwa watu wanaovua ili wale na wauze, na hilo la kurudisha samaki majini bado linanipa shida kulieleza mbele ya ndugu zangu. Ila kilichonifunga kwenye mchezo huu si samaki, ni sheria zake. Hasa hii ya maneno.

Kwanza samaki mwenyewe. Anaitwa besi, na anayeshindaniwa zaidi ni yule mwenye mdomo mkubwa: wa kijani iliyofifia, mstari mweusi ubavuni, taya linalorudi nyuma mpaka kupita jicho. Ni samaki wa maji baridi, asili yake Amerika ya Kaskazini, ingawa walimleta hadi Ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920 na bado yupo huko. Si mkubwa kama sangara. Rekodi ya dunia ni kilo 10 na ushee, na wanaigawana watu wawili: George Perry aliyemvua wake jimboni Georgia mwaka 1932, na Manabu Kurita aliyevua wa karibu uzito huohuo Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Mashindanoni, ukimtoa wa kilo tatu boti nzima inapiga kelele. Kwenye mfumo uliozoeleka kila mtu hupeleka mizani samaki wake watano bora wa siku, wakiwa hai ndani ya tangi la maji lililomo botini. Aliyekufa anakukata uzito. Mwenye jumla kubwa anaondoka na hela, na kwenye ligi ya juu ya B.A.S.S., chama cha wavuvi wa besi, mshindi wa shindano moja tu anachukua dola 100,000. Hapo ndipo maneno ya mzee wa kahawa yanapoanza kuwa na bei.

Aliyeanzisha mambo haya alikuwa muuza bima wa Montgomery, Alabama, jina lake Ray Scott. Mwaka 1967 aliwaita wavuvi kwenye Ziwa Beaver, Arkansas, wakaja 106 kutoka majimbo 13. Mwaka uliofuata akaanzisha chama, ndiyo hiyo B.A.S.S. Wakati ule mashindano ya uvuvi yalikuwa na sifa mbaya. Watu walileta samaki waliovuliwa juzi, au waliofungwa kwenye kamba mahali na kusubiri siku ya mashindano. Scott aliwaza kama muuza bima anavyowaza, kwamba kila mteja anaweza kudanganya hata kama leo hajadanganya. Akawapanga washindani wawiliwawili kwenye boti moja kwa kura, ili kila mmoja awe jicho la mwenzake. Hukuhitaji polisi. Ulihitaji mtu mmoja tu asiyetaka ushinde, na huyo umekaa naye kutwa.

Halafu mwaka 1971 akafanya jambo ambalo mpaka leo naliona ndilo la haki kuliko yote yaliyofuata. Aliandaa fainali ya washindani 24, akawapandisha ndege bila kuwaambia wanakwenda ziwa gani. Ndege ikiwa angani ndipo wakatangaziwa: Ziwa Mead, Nevada. Hakuna aliyepata nafasi ya kumpigia shemeji yake. Hakuna aliyekwenda mwezi mmoja kabla kuchungulia. Bobby Murray akashinda, akachukua dola 10,000, na hakuna aliyeweza kusema Murray alikuwa na mwenyeji.

Haikudumu, na sababu yake iko wazi. Mashindano yakishapata mji mwenyeji, wadhamini, televisheni na umati wa kuja kutazama samaki wakipimwa jukwaani, ziwa halifichiki tena. Ratiba inatangazwa mapema na kila mtu anajua mwezi fulani tuko ziwa fulani. Ziwa likishajulikana, kinachobaki kufichwa ni habari zake, na habari haina mlango wa kufunga. Ndipo zikaja sheria za kufunga watu badala ya kufunga ziwa. Kuna kipindi kabla ya shindano ambacho mshindani haruhusiwi kutia mguu kwenye maji yale. Kisha zinakuja siku chache rasmi za mazoezi, kisha shindano. Katika muda huo uliofungwa ni marufuku kutafuta, kupokea wala kununua habari za mahali samaki walipo au namna wanavyokamatika, kutoka kwa mtu asiye mshindani. Marufuku kumkodi mwongoza wavuvi wa pale. Marufuku kununua alama za GPS za vijiwe vya samaki. Kilichoachwa huru ni kile ambacho kila mtu anaweza kukipata: ramani za dukani, majarida, matangazo ya wazi. Na kwa kawaida washindani wenyewe kwa wenyewe wanaruhusiwa kuongea.

Hilo la mwisho lishike, nitalirudia.

Sheria za mchezo wowote ni rahisi pale ambapo kosa lina mwili. Mwezi Septemba 2022, kwenye Ziwa Erie, Ohio, palitokea kisa kilichozunguka dunia nzima. Samaki hawakuwa besi, walikuwa wole, aina nyingine ya samaki wa maji baridi, ila mchezo ni uleule. Msimamizi aliona samaki wa washindi wawili wana uzito usioendana na umbo lao, akachukua kisu mbele ya watu, akapasua. Zikatoka gololi za madini ya risasi na minofu ya samaki wengine. Zawadi waliyokuwa wanaiwania ilikuwa karibu dola 29,000. Mwaka uliofuata walikiri kosa mahakamani na wakafungwa siku 10. Ile video nimeitazama na watu dukani kwangu, na wote, hata wasiojua Kiingereza, walielewa kila kitu. Mama mmoja mchuuzi wa dagaa alicheka mpaka akakaa chini. Yeye mchanga kwenye dagaa anaujua tangu utoto.

Sasa mpasue samaki aliyevuliwa kwa maneno ya mzee wa kahawa. Utakuta nini? Samaki ni halali, uzito ni halali, ndoana ni halali. Ushahidi wote upo ndani ya masikio ya mtu. Ndiyo maana mashindano mengi huko yanatumia mashine ya kupima uongo: mshindi anafungwa nyaya, anaulizwa kama amevunja sheria yoyote. Hata Kurita wa Japani, kabla rekodi yake haijakubaliwa, alipimwa kwa mashine hiyo, akafaulu. Mahakama nyingi haziiamini, na mimi pia siiamini, maana inapima moyo unavyodunda, na moyo una sababu nyingi za kudunda. Ila kwa upande wa waandaaji nawaelewa. Ukiwa na sheria inayokataza jambo lisiloonekana, unabaki na njia tatu: umwamini mtu, umtishe, au umweke jirani wa kumtazama. B.A.S.S. ilipowaondoa wale wavuvi wa ridhaa waliokuwa wakipanda boti moja na mabingwa kwenye ligi yake ya juu, mwaka 2009, iliweka mwangalizi katika kila boti. Anakaa kutwa, hatupi ndoana, haruhusiwi kumwambia mvuvi neno lolote la kumsaidia. Mimi kazi hiyo ningeiomba hata kesho.

Haya yote yangebaki burudani yangu ya usiku kama vijana wa nyumbani, karibu na Matema, kando ya Ziwa Nyasa, wasingepata wazo la kufanya shindano la ndoana. Mitumbwi, mshipi wa mkono, asubuhi mpaka saa saba, mwenye uzito mkubwa anachukua mbuzi na bando la nyuzi za kufumia nyavu. Wakajua kwamba mimi huko Mbeya ni bingwa wa kutazama mambo haya, wakaniambia niandike sheria. Nikaandika. Nikawapelekea mwenyewe, na tukazisoma chini ya mwembe, wazee nao wakiwepo, maana mitumbwi ni ya wazee.

Vifungu vya kwanza vilipita bila shida. Samaki wazima, mizani moja, mdomo wa samaki ufunguliwe mbele ya watu na kidole kiingizwe. Kifungu cha kumrudisha samaki majini kilikufa kabla sijamaliza kukisoma, na hakuna aliyekiombea rehema. Tukafika kwenye kifungu cha maneno: kuanzia wiki moja kabla, mshindani asiulize wala asipokee habari za mahali samaki walipo kutoka kwa mtu asiyeshindana.

Kimya. Kisha kicheko. Mjomba wangu, ambaye amevua ziwani tangu kabla sijazaliwa, akauliza, "Mjomba, sasa hao watu wakikutana kilabuni waongee nini? Siasa?"

Inabidi mtu ajue maneno yanavyotembea pale ili aelewe kwa nini walicheka. Asubuhi mitumbwi ya usipa, dagaa wa Nyasa, ikirudi, taa zikiwa zimezimwa, wanawake wameshasimama majini mpaka magotini na mabeseni yao. Swali la kwanza ni bei, la pili ni "Mmepata wapi?" Jibu huwa ni moja miaka yote: "Huko huko." Linatoka bila mtu kuinua kichwa kwenye wavu anaoukung'uta. Mgeni anaweza kudhani ni siri kubwa. Lakini jioni ile nilimsikia mjomba akiongea na shemeji yake kwenye simu, sauti juu, mbele ya kila mtu aliyekuwa uani: nenda mpaka paa la kanisa liwe sawa na ule mti mkubwa, kisha angalia kule milimani, lile korongo likifunguka lote mbele yako, hapo shusha taa. Alama mbili za nchi kavu zilizopangwa mstari, na mstari wa tatu kutoka Milima ya Livingstone. Ni GPS isiyo na betri, na mjomba ameigawa bure. Lakini ameigawa kwa shemeji. Yule mama wa beseni alipewa "huko huko".

Aliyekitetea kifungu changu alikuwa kijana mmoja tu, na si mtu wa pale. Ametoka upande wa Ziwa Rukwa, ameoa pale kijijini, wanamwita shemeji kijiji kizima. Alikuwa amekaa pembeni. Akasema, kwa heshima, kwamba yeye amekaa pale mwaka wa pili na bado akiuliza anajibiwa kama wale akina mama. "Ninyi mkikaa mnaambiana kwa Kinyakyusa, nami nipo hapo hapo nasikiliza redio. Mkisema maneno yawe huru, yatakuwa huru kwenu."

Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria kwa namna hiyo. Nilikuwa nimeichukua sheria ile kama kizuizi, kitu kinachowanyima watu ujirani, nikawa najiandaa kuitetea kwa hoja ya hela: kwamba maneno yakiachwa huru mwenye hela atayanunua. Hoja hiyo ni ya kweli. Kwa Wamarekani ndiyo hoja kubwa, kwa sababu mvuvi mwenye wadhamini wanono angemkodi mwongozaji wa kila ziwa, na asiye navyo angebaki na ramani ya dukani. Lakini kijana wa Rukwa hakuwa anazungumzia hela. Alikuwa anazungumzia ukoo. Mahali ambapo habari haiuzwi, bado ina njia zake za kupita, na njia hizo ni za damu, ndoa na lugha. Asiye na ndugu anasimama majini na beseni lake.

Tangu siku hiyo naitazama tofauti ile ruhusa niliyosema nitairudia, ya washindani kuongea wao kwa wao. Kwa nje inaonekana ya haki: wote ni washindani, wote wanaweza kuongea. Piga hesabu. Marafiki watatu wanagawana ziwa, kila mmoja anachunguza upande wake kwa siku tatu za mazoezi, jioni wanakutana kwenye nyumba waliyopanga na kuweka mambo yote mezani. Kila mmoja wao ameingia kwenye shindano na siku tisa. Kijana aliyepanda daraja mwaka huu, anayelala kwenye gari lake na hamjui mtu, ameingia na tatu. Hakuna aliyevunja sheria hata moja. Watu wa besi hubishana sana kuhusu jambo hili, na wengine husema timu kama hizo ndizo urafiki wenyewe, utaukatazaje. Mimi nadhani ungekatazika, angalau kuanzia siku ya kwanza ya shindano lenyewe. Mwanafunzi aliyesoma na wenzake mwaka mzima hana kosa. Akigeuza shingo ndani ya chumba cha mtihani anatolewa.

Kuna watu watasema mbona wanahangaika na midomo wakati mashine ndizo zinazosema zaidi. Ni kweli, na hapa ndipo sheria zao zinaponichosha. Mwaka 2018 kampuni ya Garmin ilitoa sona, kifaa cha kutafuta samaki kwa mawimbi ya sauti, inayotazama mbele ya boti na kuonyesha samaki akiogelea wakati huohuo, na chambo chako kikimsogelea, na yeye akigeuka kukitazama. Mvuvi anavua akiangalia skrini. Boti moja ikawa na skrini nyingi kuliko duka la televisheni la Mwanjelwa, na vijana waliokua na vifaa hivyo wakaanza kuwapiga wakongwe waliotumia miaka 30 kujifunza samaki hupenda kivuli gani. Mwaka 2025 B.A.S.S. ikaanza kubana: mshindani wa ligi yake ya juu atumie kifaa kimoja tu cha kutazama mbele, na skrini zake zote kwa pamoja zisizidi inchi 55. Sawa. Lakini tazama tulipofika. Mzee aliyeishi kando ya ziwa maisha yake yote akikwambia samaki wako pale, umevunja sheria. Kifaa cha maelfu ya dola, pale kinaporuhusiwa, kikikwambia samaki yuko pale, anaelekea kushoto, yuko na mwenzake, umevua kihalali. Wakubwa wa mchezo wana jibu: kifaa kila mtu anaweza kukinunua, mzee ni mmoja. Sijui kama aliyesema "kila mtu" amewahi kuuliza bei akiwa na mfuko wangu.

Hata hivyo kifungu changu nilikibakiza, kwa sababu ya yule kijana. Tukabishana juu ya mipaka yake mpaka jua likaanza kuingia nyuma ya migomba. Mjomba alileta hoja ambayo Wamarekani wenye injini za farasi 250 hawahangaiki nayo kama sisi: hali ya ziwa. Nyasa ikichafuka kwa upepo wa kusini haikupi muda wa kusoma sheria. "Mtu ameona wingu, akumezee mate kwa sababu ya mbuzi wako?" Tukaandika wazi kwamba habari ya upepo, mawimbi, mtumbwi unaovuja au mtu aliyezama si habari ya samaki, na asiyeisema ndiye atakayetolewa. Nilitaka kuiandika kwa ufupi. Mjomba akasema hapana, iandike yote, moja baada ya moja, kwa sababu kuna mtu atakuja kusema hakujua kama kuvuja kumo.

Halafu wenyeji. Hapa sheria haina dawa, na hata kwa Wamarekani haina. Aliyekulia kando ya ziwa haulizi mtu yeyote. Mashindano yakija kwao, wanaotoka mbali wanalalamika, lakini huwezi kumwamuru mtu asahau alikovua na baba yake akiwa na miaka minane. Tulichofanya ni kumrudia Ray Scott: kila mtumbwi watu wawili, kwa kura, ndugu wasikae pamoja, na anayekaa nyuma asubuhi ndiye anayechagua mahali mpaka saa nne, kisha wanabadilishana. Hivyo kijana wa Rukwa akipangwa na mtoto wa mjomba wangu, ataoneshwa lile korongo kwa macho yake. Hilo lilizua manung'uniko kuliko yote, na nilifurahi kuyasikia, kwa sababu kabla ya hapo kila mtu alikuwa anasema pale hakuna siri.

Simu tulizijadili na kuziacha zipande mtumbwini, kwa sababu ya usalama. Ikipigwa, ipokelewe kwa spika. Mke akipiga kuuliza mmepata ngapi, mwenzako asikie na wewe ujibu. Kijana mmoja akauliza, je, mke akisema kwa mafumbo? Nikamwambia hilo alipeleke kwa mchungaji.

Nilidhani tumemaliza. Mama mmoja, mchuuzi, ambaye alikuwa amekaa muda wote akimenya ndizi, akasema tumepoteza siku nzima tukibishania sehemu zisizojulikana na hatujasema neno juu ya sehemu inayojulikana na kila mtu. Alikuwa anasema mlango wa mto. Mvua zikianza, mbasa huacha ziwa na kupanda mitoni kutaga, na kila mtoto wa pale anajua wakati wanapojazana mlangoni wakisubiri maji. Hakuna wa kumuuliza na hakuna wa kumkataza kusema. Kwa sheria zangu zote nzuri, mitumbwi yote ingekwenda kukaa pale pale, ishinde kwa kuwamaliza samaki wenye mayai, na hakuna kifungu ambacho kingekuwa kimevunjwa. Habari ya wazi, sawa kwa wote, haki kamili.

Nikaitazama karatasi yangu. Kwenye maji ya besi, mahali panapofungwa huwekwa kwenye ramani ya shindano na kutangazwa kabla. Sisi tukakubaliana mlango wa mto ufungwe kabisa kwa washindani wote, na tarehe isogezwe mbele mpaka mvua ziishe. Kilichobaki ni umbali. Mjomba anataka mpaka uanzie kwenye ule mti mkubwa wa kwanza, pande zote mbili, na vijana wanasema hapo tumefunga nusu ya ufuko. Yule mama anataka mbali zaidi ya mjomba. Wamekubaliana kuwaita watu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuko, waje na kamba wapime, na gharama ya chakula chao siku hiyo imeandikwa kwenye jina langu.